Maji tahuri si lazima yawe maji salama

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, aliyeteremsha maji kutoka mawinguni na akayafanya kuwa chanzo cha uhai. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, sahaba zake, na kila afuataye mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, mtoto wa Kizanzibari hafikishi miaka kumi ila ameshasomeshwa chuoni mlango wa tohara. Ukimuuliza ni maji gani yanayofaa kutawadhia, atakuhesabia kwa vidole: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchem, ya theluji na ya mvua ya mawe. Atakueleza pia kuwa maji yakifikia kiasi cha qullatayni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi tu, mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Elimu hii ni tukufu, na wazee wetu walifanya vyema kutuanzishia nayo.

Iko, hata hivyo, nusu ya pili ya somo hili ambayo tumeiacha nje ya mlango wa chuo. Maji yakishatoka chooni, jikoni na kwenye birika la msikiti, yanakwenda wapi? Na yakifika huko, yanamfanya nini jirani? Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba kuyasafisha na kuyahifadhi majitaka ni sehemu ya dini kama kulivyo kutafuta maji ya udhu, na kwamba hukumu za tohara hazikuwekwa ili ziwe ruhusa ya kumwaga uchafu popote.

KISIWA KINACHOKUNYWA CHINI YA MIGUU YAKE

Unguja haina mto mkubwa wa kuutegemea. Maji yetu mengi yako chini ya ardhi tunayoikanyaga. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, hupenya ardhini zikakusanyika katika mchanga na katika mawe ya matumbawe. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Tukivuta kupita kiasi, ya chumvi hupanda na kisima huharibika.

Chemchem za Bububu na Mtoni, pamoja na visima vilivyochimbwa baadaye, ndivyo vilivyounywesha mji wetu vizazi na vizazi. Msitu wa Masingini, ulio juu ya kilima kinachoelekea Bububu, umehifadhiwa ili mvua ipate pa kutulia na kuzama polepole. Anayekata mti pale, au anayejenga nyumba na kuchimba choo katika eneo la chanzo cha maji, anaugusa mtungi wa watu wasiomjua wala wasiomwona.

Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango. Viko vijito katika kisiwa hiki ambavyo havifiki baharini kwa juu, bali hupotea ndani ya ardhi. Jiwe hilo huipokea mvua kwa haraka, na kwa sababu hiyo hiyo huupokea uchafu kwa haraka. Mchanga huchuja, lakini ufa wa jiwe hauchuji. Uchafu wa shimo la choo ukiupata ufa, unaweza kusafiri mbali kabla haujapoteza madhara yake.

Allah (S.W.) ametuzindua katika Surat Al-Muuminuun, aya ya 18, kwamba Yeye ndiye aliyeteremsha maji kwa kipimo na kuyatuliza ardhini, na kwamba ana uwezo wa kuyaondoa. Wanaoishi kisiwani wana haki ya kuizingatia aya hii kuliko wengine. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar nzima. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Kipimo cha ardhi ni kile kile, na wanaokunywa kutoka humo, na kuchimba vyoo juu yake, wameongezeka kwa zaidi ya nusu milioni katika miaka kumi.

MAJI YALIINGIA KWA BOMBA, YAKAACHWA YATOKE YENYEWE

Mji wetu uliijua shida hii zamani. Mwaka 1866 David Livingstone alilifanyia mzaha jina la Zanzibar kwa sababu ya uvundo wa ufuo ambao watu waliutumia kama jaa. Miaka michache baadaye, 1869 na 1870, kipindupindu kiliingia na kuua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu hapa wakati ule, alikiandikia maradhi hayo kitabu kilichotoka mwaka 1876.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888 na aliyewahi kuishi uhamishoni Bombay, aliyavuta maji ya chemchem kwa mabomba mpaka mjini, na raia wakayateka bila malipo. Hii ilikuwa hisani kubwa, na athari yake ilidumu baada yake. Lakini maji safi yalipoingia kwa mpango, machafu yaliachwa yajitafutie njia. Yalikwenda ufuoni, na yalikwenda katika ile pwani ndogo iliyoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambayo karne iliyofuata ilifukiwa hatua kwa hatua.

Zama za ukoloni yakajengwa mabomba ya majitaka, hasa kwa ajili ya Mji Mkongwe, na yakaelekezwa baharini bila ya kusafishwa. Ng'ambo, ambako watu wengi zaidi waliishi, iliachiwa mashimo na makaro. Miradi kadhaa imekuja tangu hapo. Mradi wa Huduma za Miji, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2011, ulijenga mitaro ya maji ya mvua na kuuimarisha ukuta wa bahari wa Mizingani. Kazi hiyo ina faida yake, ila tusichanganye mambo mawili. Mtaro wa mvua huondoa mafuriko, wala haukujengwa uwe choo. Anayeunganisha bomba la choo chake na mtaro wa mvua, au anayengoja masika ili atapishe karo lake usiku, ameupeleka uchafu wake mtaa wa chini na kuuita mvua.

Kipindupindu hakikusahau njia. Kimerejea Zanzibar mara kwa mara tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mlipuko wa 2015 na 2016 uliziingiza familia nyingi katika hofu. Mwaka 2009 ilitolewa chanjo ya kumeza katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kuwa iliwakinga walioimeza kwa takriban asilimia 79. Tumshukuru Allah kwa neema ya elimu hiyo, na anayeitiwa chanjo asikatae. Chanjo, hata hivyo, humkinga mtu kwa muda. Haisafishi kisima wala haizibi karo.

TOHARA NA USALAMA NI MAMBO MAWILI

Hapa ndipo panapohitaji maneno ya uwazi, kwa sababu wako wanaotumia fiqhi vibaya pasi na kukusudia. Mtu hukiangalia kisima chake, akaona maji ni mengi kuliko qullatayni, ambazo wanazuoni wa zama hizi huzikadiria kuwa kama lita 200 au zaidi kidogo. Akaona hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha mbaya. Basi akasema, "Haya ni tahuri," akawanywesha watoto.

Ni kweli, ni tahuri. Udhu wake ni sahihi na sala yake ni sahihi. Lakini vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havina rangi wala harufu. Ndoo ya maji yenye kung'ara kama kioo inaweza kumlaza mtoto hospitali. Iko pia chumvichumvi iitwayo naitreti, itokayo katika vinyesi na mbolea, ambayo huingia majini bila kuonekana na humdhuru zaidi mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Hukumu ya tohara imejibu suali la ibada: je, maji haya yanafaa kwa sala? Halikuwa kusudio lake kujibu suali la tabibu: je, maji haya yatamuua anayeyanywa?

Na wala asidhani mtu kwamba tofauti hii ni uzushi wa wasomi wa leo. Imo ndani ya mtaala ule ule wa chuoni. Katika madhehebu ya Imamu Shafi yako maji tuliyofundishwa kuwa ni tahiri, yenye kutoharisha, na juu ya hayo ni makuruhu kuyatumia: nayo ni maji yaliyochomwa na jua katika vyombo vya madini. Sababu ya karaha hiyo ni kuchelea maradhi ya ngozi. Iwapo mafakihi wetu walimkinga Muislamu na maji tahiri kwa kuchelea baka mwilini, vipi tutasema kuwa sheria haina neno juu ya maji yanayobeba mauti?

Wako wanaotoa hoja kwa kisima cha Budhaa cha Madina. Wapokezi wa Hadithi, akiwemo Abu Daud, wametaja kuwa Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kisima hicho, ambacho vilikuwa vikiingia ndani yake vitu vichafu, na akajibu kuwa maji yake ni tahuri. Imamu Al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, aliichambua Hadithi hii na kuonya dhidi ya kuifahamu vibaya. Alieleza kwamba haifai kumdhania hata asiyekuwa Muislamu kuwa angechafua maji kwa makusudi, seuze Masahaba. Bali kisima kilikuwa bondeni, na mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakikokota uchafu wa njiani mpaka ndani. Ndugu msomaji, hebu isome sharhi hiyo tena huku ukiitazama mitaa yetu ya mabondeni wakati wa masika. Mwanachuoni wa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita aliona kuwa kuyachafua maji kwa makusudi ni jambo lisilomstahiki mtu yeyote.

KISIMA CHA SADAKA KANDO YA SHIMO LA CHOO

Hakuna sadaka tunayoipenda kama kisima. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu, na tangu siku hiyo wenye uwezo wamekuwa wakimfuata. Siku hizi wahisani wa ndani na wa nje huchimba visima katika mitaa yetu, vibao hutundikwa, na dua husomwa. Allah awalipe.

Lakini kuchimba kisima hatua chache kutoka kwenye mashimo ya vyoo, bila ya kuyapima maji yake, si kumfuata Sayyidna Uthman. Sadaka inayoendelea hupimwa kwa manufaa yanayoendelea, na madhara nayo huweza kuendelea baada ya mwenyewe kufa. Anayetaka kutoa kisima aanze kwa kuuliza vyoo viko wapi na ardhi inateremka kuelekea upande gani. Akikuta mtaa umejaa mashimo, basi pengine sadaka iliyo bora zaidi pale ni kulipia gari la kunyonya makaro ya majirani mafukara, au kuwajengea karo lililosakafiwa. Kazi hii haitundikiwi kibao, na huenda kwa sababu hiyo ikawa karibu zaidi na ikhlasi.

Mafakihi hawakuliacha jambo hili. Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah kuwa mwenye kuchimba kisima ana haki ya dhiraa arubaini kukizunguka; haki hiyo huitwa harimu ya kisima. Katika vitabu vya Kihanafi wanazuoni walijadili umbali unaotakiwa baina ya kisima na shimo la uchafu, na wako waliosema kuwa hauwezi kuwa mmoja kila pahala, kwani ardhi laini na ardhi ngumu hazilingani. Haya ndiyo wanayoyasema wataalamu wa maji leo: umbali wa mita 30 unaotajwa mara nyingi unaweza kutosha penye mchanga mnene na usitoshe penye jiwe lenye nyufa kama letu.

Ilipofika karne ya 19, wanazuoni wa dola ya Kiothmania waliziandika hukumu za muamala katika Majalla. Kifungu chake cha 1212 kimeeleza kuwa mtu akichimba shimo la uchafu karibu na kisima cha mwenziwe na maji yakaharibika, ni lazima madhara yaondolewe. Na ikiwa hayaondoki kwa njia yoyote, shimo hufukiwa. Haikusemwa kuwa mwenye kisima avumilie, wala kuwa mwenye shimo ni bwana katika kiwanja chake. Huo ndio utekelezaji wa agizo la Mtume (S.A.W.) lililokataza mtu kumdhuru mwenziwe na kulipizana kwa madhara.

Tukumbuke pia mfano alioupiga Mtume (S.A.W.) katika Sahihi Bukhari, wa watu waliopigiana kura jahazini, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walipochoka kupanda kuteka maji, waliona watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wote wangeangamia. Wakizuiwa, wote wangeokoka. Unguja ni jahazi moja, na maji yaliyo chini yake ni fungu moja. Kila shimo lisilosakafiwa ni tundu katika sehemu ya mtu, na mwenye kulichimba huwa hana nia mbaya. Wale wa jahazini nao hawakuwa na nia mbaya.

BAHARI SI JAA

Hoja nyengine inayosikika mabarazani ni kuwa bahari ni kubwa, na kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe amesema maji yake ni tahuri. Kauli hiyo ya Mtume ilikuwa jibu kwa wasafiri waliokuwa na maji matamu machache chomboni, waliotaka kujua kama wanaweza kutawadha kwa maji ya bahari. Ni ruhusa ya kutawadha. Kuigeuza iwe ruhusa ya kumwaga choo ni kuipachika Hadithi isipokuwa mahala pake.

Bahari iliyo mbele ya mji wetu ina kazi. Vijana hujirusha Forodhani, wavuvi huanika nyavu, na mwamba wa matumbawe unaozunguka Changuu, Bawe na Chapwani ni mazalio ya samaki. Mwaka 1995 watafiti, miongoni mwao marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha uchunguzi wao juu ya mwani mgumu wenye chokaa, ambao huyagandisha matumbawe kama saruji inavyogandisha mawe. Waligundua kuwa mwani huo hupungua kadiri unavyousogelea mji, na kwamba fosfeti ya majitaka ni miongoni mwa sababu. Mwamba ukikosa saruji yake hudhoofika, samaki wakahama, na mawimbi yakapata njia ya kuufikia ufuo. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, Allah (S.W.) ametaja kudhihiri kwa uharibifu nchi kavu na baharini kwa sababu ya yale iliyochuma mikono ya watu. Bahari imetajwa kwa jina lake.

MAJITAKA HUSAFISHIKA

Kusafisha majitaka si muujiza. Njia inayofaa nchi za jua kama yetu ni ya mabwawa yanayofuatana. Katika bwawa la kwanza, lenye kina, taka nzito hutuama na kuoza. Katika la pili, mimea midogo ya majini na bakteria hula uchafu uliobaki kwa msaada wa jua na hewa. Katika la mwisho, lisilo na kina, miale ya jua huviua vijidudu vingi. Maji hukaa humo siku nyingi, na hakuna mashine kubwa inayohitajika. Moshi yapo mabwawa kama hayo Mabogini, na Dar es Salaam yako Vingunguti. Hapa kwetu yatahitaji kusakafiwa vizuri kwa sababu ya jiwe letu lenye nyufa, na yatahitaji ardhi, ambayo ni adimu. Kwa hiyo eneo la kazi hiyo lilindwe mapema, kabla halijauzwa viwanja.

Mfano mdogo hauko mbali. Katika kisiwa cha Chumbe, nyumba za wageni zilijengwa kwa namna ya kuvuna maji ya mvua juu ya mapaa, vyoo vyake hugeuza taka kuwa mboji bila ya maji, na maji ya kuogea huchujwa katika vitalu vya mimea. Kilichowezekana katika nyumba chache za kitalii kinaweza kuigwa, kwa kadiri, katika skuli, misikiti na madrasa mpya zinazojengwa mashamba.

Atauliza muulizaji: je, maji yaliyotoka chooni yanaweza kuwa tahiri? Suali hili limeshajibiwa na wenye elimu. Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lililipitia mwaka 1398 Hijria, sawa na 1978, na Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka likalirudia mwaka 1989. Uamuzi wao ni kuwa majitaka yakisafishwa na wataalamu mpaka isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, hurudi kuwa tahuri. Na Baraza la Saudia likaongeza nukta inayoafiki yale tuliyotangulia kuyasema: ikiwa kuyanywa kuna madhara kwa afya, yaepukwe kwa ajili ya madhara hayo, si kwa ajili ya unajisi. Muscat, ambako wengi wetu tuna jamaa, maji ya namna hii humwagilia bustani na miti ya kandoni mwa barabara. Kila ndoo inayomwagiliwa hivyo ni ndoo isiyovutwa kisimani.

NANI ALIPE?

Miaka mingi baada ya Mapinduzi ya 1964 maji yalitolewa bure, na wengi wetu bado tunaona uzito kuyalipia, tukitoa hoja kwa Hadithi isemayo kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Ushirika huo ni haki. Lakini wanazuoni wamepambanua baina ya maji yaliyo mahali pake na maji yaliyotekwa, yakachukuliwa na kupelekwa kwa mtu. Malipo ni ya kazi, bomba na umeme. Na mshirika hunufaika na pia hugharamia. Mshirika anayechota tu bila kuhifadhi amewadhulumu wenziwe. Serikali na Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), kwa upande wao, zina deni la kuonesha kuwa kinachokusanywa kinarudi katika mabomba na katika usafishaji, na kwamba mafukara hawaachwi na kiu.

Mzigo huu pia ugawiwe kwa uadilifu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu Kiwengwa, Nungwi na Jambiani, ulikuta kuwa kaya ya kijijini ilitumia wastani wa takriban lita 93 kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia takriban lita 3,195. Anayetumia zaidi ya mara thelathini kuliko jirani yake hawezi kuchangia usafi sawa na jirani yake. Hoteli inayopewa ardhi ya pwani ioneshe kwanza majitaka yake yatasafishwa wapi, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ilifuatilie hilo hata baada ya sherehe ya ufunguzi.

Nasi tunayo hazina yetu wenyewe, nayo ni wakfu. Waliotutangulia waliweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti, visima na wasafiri. Ni wakati wa kuwa na wakfu wa majitaka: mali ambayo pato lake litanyonya makaro ya wajane na mayatima, litasakafu mashimo ya madrasa, na kulipia upimaji wa maji ya visima vya misikiti katika maabara. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, na wenye mali wapo. Jambo hili ni faradhi ya kutoshelezana. Wakilisimamia baadhi yetu dhambi huwaondokea wote, na likiachwa na wote, wote tumo.

TUANZE MAJUMBANI

Ewe baba, kabla ya kumwaga zege la nyumba mpya, muulize sheha na majirani visima viko wapi, na ulisakafu karo lako chini na pembeni. Karo likijaa, liite gari, usiingoje mvua. Ewe mama, mafuta ya kukaangia usiyamwage katika tundu la jikoni, kwani huganda na kuziba bomba la mtaa mzima. Na maji ya watoto yachemshe au yatie dawa, hata kama yanang'ara. Enyi walimu wa vyuoni, mkimaliza kuwasomesha watoto maji saba, watoeni nje muwaoneshe yanapokwendea. Wasomesheni Hadithi ya waliolaaniwa kwa kujisaidia kwenye mapito ya maji, njiani na kivulini, kisha waulizeni: na aliyelielekeza bomba lake huko, hukumu yake ni ipi? Nanyi wasimamizi wa misikiti, yachunguzeni makaro ya nyumba za Allah kabla ya kuyachunguza ya watu.

Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama kisha mtu akaoga humo. Maji yaliyo chini ya Unguja, kwa mwenye kuzingatia, ni birika moja lililotuama, na sote tunaoga humo.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuhifadhie chemchem na visima vyetu, awaponye wagonjwa wetu, awape wakubwa wetu uadilifu katika amana hii, na asitujaalie kuwa sababu ya kiu wala maradhi ya waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.